Kunyamazia Maradhi si Sitara



Himdi zote ni zake Mwenyezi Mungu, ambaye hakuteremsha ugonjwa ila aliuteremshia na dawa yake. Swala na salamu zimwendee Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Wiki hii tumeona tuzungumze na familia za Kona ya Musa, Ukunda, Diani na Msambweni juu ya jambo ambalo wengi wetu twalihesabu kuwa kazi ya daktari peke yake. Nalo ni kuifikisha habari ya maradhi yanayoambukiza, kutoka nyumbani na hospitalini, hadi kwa wasimamizi wa afya ya umma. Hatutaanza na kosa la mtu mwingine. Tutaanza na letu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo tulichokuwa tukisomesha baada ya swala ya alasiri, mtoto mmoja alikuja na homa, mafua na macho mekundu. Siku chache baadaye vipele vikamtoka usoni, vikashuka mwilini. Tukamrudisha kwao kwa dua. Mamake alipopita kutushukuru alisema, "Maalim, ni ukambi tu. Kila mtoto hupitia." Nasi tukaitikia, kwani hata sisi tulipitia na tukapona. Baada ya siku kumi hivi wakawa watoto wanne, kisha tisa. Hatukumwambia mtu. Maulidi yalikuwa karibu, watoto walikuwa wakifundishwa qaswida, na tulichelea wazazi wasije wakawazuia. Tulichelea pia maneno ya watu, kwamba chuo chetu kina maradhi.

Mmoja wa watoto wale alikuwa na ndugu yake mchanga wa miezi saba. Chanjo ya ukambi, ambao kitaalamu huitwa surua, hutolewa hapa Kenya mtoto akiwa na miezi 9, kisha tena akiwa na miezi 18. Mtoto huyu alikuwa hajafikia. Akaambukizwa, ukamshuka kifuani, ukampanda masikioni, akalazwa. Muuguzi aliyempokea hakutosheka na kumtibu. Alitaka kujua maradhi yametoka wapi. Akauliza nyumbani, akaelekezwa chuoni.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba, binti yangu."

"Mtoto wa kwanza aliugua lini?"

Tukamtajia siku. Akaiandika, akahesabu kwa vidole. "Siku ishirini na sita, maalim. Ulimwambia nani?"

Hatukuwa na jibu. Mtoto yule alipona, alhamdulillah, na leo yeye mwenyewe ni mwanafunzi wa chuo. Humketisha safu ya mbele, kwa sababu ukimwita kwa nyuma hageuki. Masikio yake hayakurudi kama yalivyokuwa.

Tangu siku ile tumejitahidi kujifunza habari hizi za kuripoti maradhi, na tungependa kuwagawia wenzetu tuliyoyapata.

NINI HUTENDEKA HOSPITALINI

Mgonjwa akifika katika zahanati au hospitali na daktari akamshuku kuwa na maradhi yaliyomo katika orodha maalumu, kuna kazi mbili zinazoanza. Ya kwanza ni kumtibu, na hiyo twaijua. Ya pili ni kutoa taarifa. Yako maradhi ambayo taarifa yake haingoji hata kesho: kipindupindu, surua, kupooza kwa ghafla kwa mtoto, homa zinazoambatana na kutokwa na damu. Haya huripotiwa papo hapo, au ndani ya saa 24, kwa msimamizi wa ufuatiliaji wa magonjwa wa kaunti ndogo. Yeye huifikisha kwa kaunti, na kaunti kwa Wizara ya Afya. Na ikiwa jambo lenyewe laweza kuvuka mipaka, nchi nayo hulazimika kuliarifu Shirika la Afya Duniani, kwa mujibu wa kanuni za kimataifa za afya za mwaka 2005 ambazo Kenya inazifuata.

Juu ya hayo, kila wiki kituo cha afya hujaza hesabu ya wagonjwa wake na kuituma. Lililotushangaza ni kwamba hata kituo ambacho hakikupata mgonjwa yeyote wa maradhi hayo hutakiwa kuandika sifuri na kuituma. Sifuri ile si upuuzi. Kituo kilichonyamaza hakijulikani kama kiko salama au kimelala. Kilichoandika sifuri kimetoa ushahidi.

Taarifa moja huzaa kazi nyingi. Chukua mfano wa mtoto aliye chini ya miaka 15 ambaye mguu au mkono wake umelegea kwa ghafla. Hata kama mtu anadhani ni sindano iliyompata vibaya au kwamba ameanguka, hospitali huchukua choo chake mara mbili, kwa muda usiopungua saa 24 baina ya mara moja na nyingine, ndani ya siku 14 tangu kulegea kuanze. Choo hicho huhifadhiwa katika baridi na kupelekwa kwenye maabara ya KEMRI jijini Nairobi kutazamwa kama kuna virusi vya polio. Mama akichelewa wiki tatu akimpeleka mtoto kwa huyu na yule, muda umepita na ushahidi umepungua nguvu. Ndiyo maana tarehe ambayo ugonjwa ulianza, aijuayo mama kuliko mtu yeyote, ina thamani kubwa sana.

SHERIA YAMTAJA MKUU WA NYUMBA KWANZA

Wengi hudhani kwamba sheria yamlazimisha daktari tu. Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, Sura ya 242, imeweka wajibu huo nyumbani pia. Mgonjwa wa maradhi yanayopasa kuripotiwa akiwa nyumbani, wa kwanza kutakiwa kutoa habari ni mkuu wa familia. Asipofanya, wajibu huangukia jamaa walio karibu na mgonjwa; wasipokuwapo, yule anayemuuguza; na asipokuwapo huyo, mwenye kukaa katika nyumba ile. Daktari aliyeitwa kumtazama mgonjwa naye ana wajibu wake pale pale. Orodha ya sheria hiyo haina kipindupindu na tauni peke yake. Imo surua, kifaduro, homa ya matumbo, polio, ukoma, kichaa cha mbwa, kifua kikuu na hata homa ya uzazi.

Kwa hiyo mama anayekaa kitandani kwa mtoto wake usiku kucha, akimkanda kwa maji, ni shahidi wa kwanza. Daktari ni wa pili.

SAYYIDNA UMAR NA HABARI ILIYOMFIKIA NJIANI

Kisa cha Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) twakijua, na tumekisikia mimbarini mara nyingi, khasa mwaka 2020. Alikuwa safarini kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh, viongozi wa majeshi, akiwemo Abu Ubayda bin Jarrah (R.A.), wakamlaki na kumweleza kwamba maradhi ya kuenea yameingia Sham. Akawataka ushauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kiqureshi, na akaamua kurudi na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu kwa maana ya kwamba anatoka katika kadari kuelekea kadari nyingine yake Yeye Yeye. Kisha Abdurrahman bin Auf (R.A.) akaleta hadithi ya Mtume (S.A.W.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inayomkataza aliye nje kuingia katika nchi yenye tauni, na aliye ndani kutoka kwa kuikimbia.

Sisi husimulia kurudi kwake, tukasahau kilichomrudisha. Umar (R.A.) hakuota, wala hakuona kwa macho. Aliambiwa. Walikuwako watu waliotoka walikokuwa wakaenda kumpa habari mapema, kabla hajaingia na watu wake. Lau wangenyamaza kwa kuchelea jina la Sham kuharibika, angeingia pamoja na Masahaba aliokuwa nao. Na Abu Ubayda mwenyewe alirudi kwa watu wake, akafa katika tauni hiyo ijulikanayo kama tauni ya Amwas. Mwenyezi Mungu amridhie.

Labda mtu atauliza: Je, dini haitufundishi kumsitiri Muislamu mwenzetu? Naam, yatufundisha. Lakini sitara ni kuficha aibu, na ugonjwa si aibu wala si dhambi. Isitoshe, wanavyuoni, miongoni mwao Imam Nawawi (Mungu amrehemu), wameeleza kwamba yapo mahali ambapo kumtaja mtu kwa jambo lake asilolipenda si kusengenya, na mojawapo ni kuwatahadharisha watu na madhara. Tena kanuni ya sheria yetu ni kwamba haifai mtu kujidhuru wala kumdhuru mwenziwe.

Tahadhari hiyo nayo ina mlango wake. Anayepasa kuambiwa ni muuguzi, afisa wa afya au mhamasishaji wa afya ya jamii. Nao wana amana ya kutolitangaza jina la mgonjwa. Kundi la WhatsApp la mtaa si afisa wa afya. Baraza la jioni si hospitali. Mwenye kumtangaza jirani yake mwenye kifua kikuu barazani amesengenya na hakusaidia. Mwenye kumshika mkono akampeleka kliniki amemsitiri na amewalinda watu. Ni jambo la kusikitisha kwamba mara nyingi sisi hufanya la kwanza tukaacha la pili.

FUNZO LA LAMU

Ndugu zetu wa Lamu walipata mtihani mwaka 2004, baina ya mwezi Mei na Julai. Watu walishikwa na homa iliyofanana na malaria, lakini maumivu ya viungo yalikuwa makali mno, mtu akashindwa kusimama wima. Hospitali ziliripoti, damu zikapelekwa KEMRI, na jibu likawa chikungunya. Jina hili si geni kwetu. Lilitoka katika lugha ya Wamakonde, ambao baadhi yao ni majirani zetu hapa Kwale, na lina maana ya kujikunja. Maradhi yenyewe yalielezwa kwa mara ya kwanza na madaktari katika nchi ya Tanganyika mwaka 1952 na 1953. Damu za wakazi wa Lamu zilipopimwa mwezi Oktoba 2004, robo tatu yao zilionyesha kwamba walikuwa wameambukizwa, na ikakadiriwa kuwa walifika watu 13,500. Mwaka uo huo maradhi yakafika Mombasa. Mwaka 2005 yakawa Komoro, kisha kisiwa cha Réunion, ambako yapata theluthi moja ya wakazi waliugua.

Kwa nini Lamu? Ulikuwa wakati wa ukame, na kila nyumba ilihifadhi maji. Mbu aenezaye chikungunya na dengi huuma mchana na hutaga mayai katika maji ya nyumbani: mapipa, ndoo, mitungi, matairi mabovu. Tusidhani kwamba sisi tuko mbali. Wataalamu waliochunguza watoto wenye homa Ukunda na Msambweni wamekuta miongoni mwao wenye dengi na wenye chikungunya, na Mombasa ilipata tena mlipuko wa chikungunya mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Homa isiyokuwa malaria ikitibiwa kwa vidonge vya dukani kila mara, mgonjwa yule hahesabiki popote. Na asiyehesabika, hakuna atakayekuja kufunika mapipa ya mtaa wake wala kumwambia afunike la kwake.

HOFU ZETU

Hatupendi kuzungumza kana kwamba hofu za watu ni za kipuuzi. Tarehe 6 Aprili 2020 Kwale ilitangazwa miongoni mwa kaunti ambazo watu hawataingia wala kutoka, pamoja na Mombasa na Kilifi. Misikiti ilikuwa imefungwa, hoteli za Diani zikanyamaza, na waliozoea kuvuka Likoni kutafuta riziki wakabaki nyumbani na watoto wao. Mwezi wa Mei Mji wa Kale wa Mombasa nao ukafungwa, na wengi wa wakazi wake walikataa kwenda kupimwa wakichelea kuchukuliwa na kuwekwa karantini. Aliyepitia hayo akisema, "Nikiripoti, watanifungia," twamwelewa. Wenye mamlaka nao wana deni la kuwafanya watu wasijute kwa kusema kweli.

Lakini tutazame Unguja na Pemba, visiwa vinavyoishi kwa wageni kama Diani inavyoishi. Tangu mwaka 2008 vituo vya afya vya Zanzibar vilianza kutuma hesabu za malaria kila wiki kwa simu ya mkononi. Na tangu 2012, mgonjwa mmoja tu akithibitika kuwa na malaria, kituo hutuma ujumbe, na afisa wa wilaya hupanda pikipiki akaenda hadi nyumbani kwa mgonjwa. Huwapima wote waliomo, humtibu aliyeambukizwa na hutazama kama wana vyandarua. Malaria ambayo zamani iliwashika watoto wengi wa visiwani imeshuka mno. Taarifa ile haikuleta polisi mlangoni. Ilileta dawa, tena kwa watu wa nyumba ambao walikuwa hawajajua kwamba wanaumwa.

Huo ndio mwenendo tunaoutaka kwetu, na njia yake imekwisha kufunguliwa. Tangu Septemba 2023 nchi yetu ina wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wanaopita nyumba kwa nyumba na kupeleka taarifa kwa simu. Wengi wao ni mama zetu na dada zetu, watu tunaowajua kwa majina. Akibisha hodi, tusimjibu kwa mlango nusu.

FAMILIA IFANYE NINI

Kwanza, tuyajue mambo yasiyongoja. Mtoto aliyelegea kiungo kwa ghafla. Homa yenye vipele. Kuharisha maji matupu kama maji ya mchele. Homa yenye kutokwa na damu. Kikohozi kilichofikisha wiki mbili. Kuumwa na mbwa, hata kama jeraha ni dogo. Mtoto mchanga aliyekuwa akinyonya vizuri kisha akakakamaa na kushindwa kunyonya. Na watu wawili au watatu wa nyumba moja, au wa chuo kimoja, wanaougua ugonjwa wa namna moja.

Pili, tuikumbuke tarehe. Mama aiandike nyuma ya kitabu cha kliniki cha mtoto: siku homa ilipoanza, siku vipele vilipotokea.

Tatu, tukiulizwa tuseme kweli. Kama mgeni alitoka safarini, kama tulikwenda arusini au matangani Lunga Lunga, Tanga au Mombasa, tuseme. Na mtoto ambaye hakupata chanjo, mama asione haya kusema kwamba hakupata. Muuguzi anatafuta njia ya ugonjwa, hamhukumu mtu.

Nne, wenye kliniki za binafsi na maduka ya dawa miongoni mwetu wajue kwamba wao pia ni sehemu ya ushahidi huu. Mgonjwa aliyenunua dawa akaenda zake ameondoka na habari iliyokuwa ya watu wote.

Tano, na hili ni letu sisi walimu wa vyuo na maimamu: tuwe na daftari la waliokosa kuja na sababu yao. Wawili wakikosa kwa homa na vipele, tusingoje wa tatu. Maulidi yaweza kuakhirishwa kwa wiki mbili, na Mola wetu anajua nia.

Jana alasiri mtoto yule alisoma Suratul Asr mbele ya wenzake, kwa sauti ya juu kidogo, kama wasomavyo wasiosikia vyema sauti zao wenyewe. Wenzake hawakucheka; wamemzoea. Alipomaliza tulimwashiria kwa mkono akae, naye akakaa. Kila tunapomwashiria twakumbuka zile siku ishirini na sita na swali la binti yule, na twamuomba Mwenyezi Mungu atusamehe kwa kunyamaza kwetu, aitie nguvu afya ya mtoto huyu, awaponye wagonjwa wetu wa majumbani na hospitalini, na atujaalie kuwa watu wa kuifikisha amana kwa mwenyewe kwa wakati wake. Amin.

Wabillahi tawfiq.